Habari za Magoti kwa Kihispania

Mlango ulikuwa mwanamke. Dirisha mwanamke, kitanda mwanamke, meza mwanamke. Kioo ndiyo kilikuwa mwanaume. Nilikuwa nimebandika vikaratasi vya njano vya majina ya Kihispania kila mahali kwenye chumba chetu cha Karama, la puerta, la ventana, la cama, el espejo, mpaka wale wasichana wawili wa Uganda tuliokuwa tunapanga nao wakawa wanaingia kwa kunyata, kama vile vitu vimeamka na vinawaangalia.

"Meza nayo mwanamke?" dada akaniuliza.

"Ndiyo. La mesa."

"Ndiyo maana inabeba kila kitu."

Dada si dada yangu wa tumbo moja. Yeye mtu wa Moshi, mimi Morogoro, na tulijuana kwenye foleni ya kupima afya ya visa, hapa hapa Dubai. Wiki yangu ya kwanza sikuwa na pa kulala. Alinichukua akanilaza ubavuni kwake siku kumi na moja, kitanda cha chini, yeye ukutani mimi nje, hakumwambia mtu na hakunikumbusha hata mara moja. Baadaye kitanda cha juu yake kikawa wazi nikapanda. Mtu akinifanyia hivyo, mimi kwake nimekwisha. Nitakuwa upande wake akiwa sawa, na akiwa amekosea ndiyo nitapiga kelele zaidi.

Kihispania kilikuja hivi. Dada alikuwa analea mtoto wa kike kwa madam mmoja wa Kolombia, ghorofa ya ishirini na kitu kule JLT. Alimpokea akiwa na miezi miwili, sasa ana miaka minne. Yule mtoto alikuwa anaongea Kihispania na mama yake, Kiingereza shuleni, na kwa dada ni Kiswahili tupu, tena cha Moshi. Akikataa chakula anasema, "Sitaki bwana." Basi mwezi wa kwanza, mwaka ukiwa bado mbichi, madam akasema mkataba wa mume wake umeisha, khalas, mwezi wa sita wanarudi kwao. Na madam ndiyo kafeel, mdhamini wa visa ya dada. Kafeel akiondoka visa yako inakatwa, unarudi nyumbani au unaanza kutafuta mlango mwingine.

Lakini madam alimpenda dada. Akamwambia, "Nataka uje na sisi. Tatizo ni mama yangu. Tunakwenda kuishi kwake, nyumba ni yake, na hajui Kiingereza hata neno. Anataka nichukue mwanamke wa pale kijijini anayemjua. Ongea naye mwenyewe kwa simu ya video. Akisema ndiyo, nitashughulikia karatasi. Akisema hapana, siwezi kupigana na mama yangu."

Dada alirudi siku ile akakaa pale kwenye la cama yake, hajavua hata viatu.

"Itabidi nimwache mtoto," akasema.

"Nani kasema? Utaongea na huyo bibi."

"Kwa lugha gani, mdogo wangu?"

"Nitakufundisha."

"Wewe unakijua?"

"Bado."

Mimi shule niliishia kidato cha pili. Kiingereza nilijifundisha kwa maandishi ya chini ya filamu, Kiarabu cha hapa nimekiokota kwa wateja na madereva. Kwa hiyo sikuona kwa nini lugha nyingine inishinde. Nilipata video za mwalimu mmoja wa Kolombia, mama mnene mwenye sauti kama mtu anayebembeleza mtoto, nikanunua daftari, nikaanza.

Siku zile nikizikumbuka ni kama niliziota. Tulikuwa tunatoka alfajiri, dada kwa madam wake, mimi kwenye mgahawa niliokuwa nafanya kazi ya kuhudumia, chini ya ghorofa la jirani. Tunapanda metro, behewa la wanawake, ile treni isiyo na dereva, na tukiwahi tunasimama mbele kabisa kwenye kioo. Msimu ule kulikuwa na ukungu. Maghorofa yalikuwa hayana miguu, unaona vichwa tu vimekaa juu ya pamba, na treni inaingia humo ndani taratibu, nyeupe kila upande, na sisi wawili tunanong'ona. Yo soy. Tú eres. Ella es. Yo lavo, yo cocino, yo cuido a la niña, nafua, napika, namlea mtoto. Mwanamke wa Kifilipino pembeni anasinzia kichwa kikigonga bomba. Nusu saa na ushee mpaka JLT, kwenda na kurudi, kila siku. Darasa letu lilikuwa linatembea angani.

Tulikuwa tunajifunza wakati uliopo tu, wa sasa hivi. Uliopita nilifungua ukurasa wake nikaona madudu, nikafunga. Kwa hiyo katika Kihispania chetu hakuna kilichowahi kuisha. Dada anaishi Moshi. Mama yake anapika mtori. Mimi nina kitabu kipya na niko darasani. Mama yake dada alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma na dada hakuweza kwenda kuzika, lakini kwenye treni, ndani ya ule ukungu, mi mamá cocina, mi mamá canta, mama anapika, mama anaimba, na dada alikuwa anairudia ile sentensi hata kama sijamwambia arudie.

Mvutano wetu wa kwanza ulikuwa juu ya shikamoo.

"Shikamoo inaitwaje?" akaniuliza.

Nikatafuta. Nikatafuta kwenye video, kwenye simu, kwenye daftari. Nikamwambia hawana.

"Hawana vipi?"

"Hawana, dada. Wana hola."

"Hola ndiyo ya wote? Mpaka bibi mzima wa miaka sabini na nane?"

"Ya wote."

"Mimi simwambii mama wa watu hola kama namwita muuza karanga. Tafuta tena."

Nilikasirika, nikamwambia Kihispania sikukitunga mimi. Naye akanuna mpaka stesheni ya nne. Lakini ukweli nilimwelewa. Unaanzaje kumwomba mtu mzima nafasi nyumbani kwake bila kumwamkia? Kwa hiyo nikafanya akili. Nikasema, kama hakuna shikamoo, tutaijazia kwa habari. Yule mwalimu wa kwenye video alikuwa na salamu moja tamu sana, ¿cómo amaneció?, maana yake umeamkaje, kama yetu kabisa. Nikaanzia hapo. Umeamkaje, habari za nyumba, habari za watoto, habari za majirani. Madam alishawahi kumwambia dada kwamba mama yake anafuga kuku na ana shida ya magoti, nikaongeza habari za kuku, habari za magoti. Kila kitu kwa Kihispania, kimepangwa, kikitoka kinatiririka.

Kila asubuhi kabla sijashuka nilikuwa naning'iniza mkono kutoka kitanda cha juu, nagonga chuma mara tatu. "¿Cómo amaneció?" Na sauti ya dada inapanda kutoka chini, nzito ya usingizi, "Bien, gracias. ¿Y usted?" Nzuri, asante. Na wewe?

Kazini nilikuwa na Mkenya wa kwenye mashine ya kahawa, kijana mmoja mdomo kama wangu. Nikamsimulia mpango wetu. Alicheka mpaka akamwaga maziwa.

"Wee, unachomea huyo mama! Hao watu hawana hizo story. Ni hola, alafu unaingia point. Ati habari za kuku! Akiulizwa experience atasema kuku wako salama?"

"Kwenu mnaingia nyumba za watu bila hodi?"

"Kwetu tunapiga simu kwanza."

"Hii yenyewe ni simu, mjinga wewe!"

Nilimrushia kitambaa cha kufutia meza, kikamkaa begani. Siku tatu hatukusemeshana. Ananisukumia vikombe, navichukua bila kumwangalia, wateja wanadhani tumeachana. Nilikuwa tayari kugombana na jengo zima, kwa sababu nilikuwa na uhakika. Tulishapima. Kwenye treni mimi nakuwa bibi, dada anauliza, mimi najibu bien, bien, bien, bien, gracias a Dios. Salamu zote na kuku wake zilimalizika kwa sekunde arobaini. Zinabaki dakika nzima nzima za kuelezea kazi.

Hapo ndipo nilipokosea, na mpaka leo nikikumbuka masikio yanawaka. Kwetu habari ni nzuri. Unajua mwenyewe. Mtu anatoka msibani, unamuuliza habari za nyumbani, anakuambia nzuri tu, halafu ndiyo anavuta pumzi anasema, ila mzee ametutoka. Nzuri inatangulia, kama viatu vinavyovuliwa mlangoni. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna watu duniani ukiwauliza habari za magoti watakupa habari za magoti.

Siku ya simu ilikuwa Jumapili saa kumi jioni. Kule kwao ilikuwa saa moja asubuhi, na madam alisema tuna dakika kumi kwa sababu mama yake anawahi misa. Dada alimwomba mimi niwepo, madam akakubali. Walituweka jikoni. Tableti iliegemezwa kwenye bakuli la maembe, dada mbele yake na kilemba chake cha bluu, mtoto amemkalia mapajani, madam amesimama nyuma, mimi pembeni ya friji ambapo kamera hainioni. Daftari nilikuwa nimelikumbatia.

Skrini ikawaka. Tukaona dari ya mbao, halafu paji la uso, halafu jicho. Jogoo akawika huko ndani ya simu.

"Buenos días, señora," dada akasema, na akainamisha kichwa na goti likashuka kidogo, hata akiwa amekaa. "¿Cómo amaneció?"

Lile jicho likasogea nyuma likawa uso mzima. Bibi mweupe wa nywele, mkavu, mkali. Alimwangalia dada kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni ugenini.

"Ay, mija," akasema, yaani mwanangu.

Na akaanza kujibu.

Alikuwa ameamka vibaya. Hilo nilielewa, mal, mal, aliligonga mara mbili. Hakulala. Mvua, paa, kitu fulani kuhusu mbwa wa jirani. Dada akasubiri bien, haikuja. Bibi alipovuta pumzi, dada akaendelea na namba mbili kama nilivyomfundisha, ¿y la casa?, na bibi akatoa macho na kueleza nyumba. Ukuta wa nyuma una unyevu. ¿Y los hijos? Hapo madam alijikohoza, kwa sababu bibi alisema mambo ya watoto wake ambayo nadhani yalimhusu na yeye. ¿Y los vecinos? Jirani wa kulia amekufa. Jirani wa kushoto bora angekufa, hilo mtoto alicheka kwa hiyo nilijua ni tusi. Mimi kwenye friji naangalia saa ya microwave. Dakika ya sita. Namfanyia dada ishara ya mkono, ruka, ruka kuku, ingia kwenye kazi! Lakini dada hakuwa ananiangalia. Alikuwa ameinamia ile tableti, shingo upande, kama anavyokaa na mtu mgonjwa.

"¿Y las gallinas?" akauliza, polepole.

Kuku wawili wameliwa na mnyama.

"¿Y las rodillas?"

Bibi akainyanyua simu akaishusha, tukaoneshwa magoti yake, yamefungwa bendeji, chini ya sketi ya kahawia. Alieleza magoti dakika tatu. Kengele ikalia huko nyuma, ya kanisa. Bibi akasema misa, akasema Jesús, skrini ikazima.

Yo cocino haikutoka. Yo lavo haikutoka. Sentensi kumi na nne za kazi, miezi mitatu ya treni, zote zilibaki kwenye daftari langu.

Madam alishusha pumzi. "Hajasema kitu kuhusu kazi," akasema, kwa upole. "Mama ataniambia hakuna mlichozungumza."

Mimi nikawaka, nikamsogelea. "Madam, ameongea na mama yako dakika kumi! Wewe mara ya mwisho ulimuuliza lini habari za magoti?"

Dada alinikanyaga kwa kisigino mpaka nikaona nyota. Madam alibaki ameshika kitasa cha kabati. Tukaaga, tukashuka.

Tulikaa kwenye kibaraza cha ziwa, lile ziwa la kuchimbwa katikati ya maghorofa. Jua lilikuwa linaanguka nyuma ya minara na maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, madirisha yote yamelala humo kichwa chini. Watu wanakimbia mazoezi, wanatupita kama vivuli. Nililia kwa hasira. Nikamwambia, "Nimekuchomea. Yule Mkenya alisema. Nimekuchomea, dada, mimi na mdomo wangu."

"Nyamaza."

"Sasa mtoto je?"

Dada alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kilemba chake. Akasema, "Umesikia lakini? Anasema usiku magoti yanamuuma kama mtu anaminya limau ndani."

"Umeelewa yote hayo?"

"Mama yangu alikuwa anasema hivyo hivyo."

Simu yake ikaita. Ilikuwa saa kumi na mbili imepita. Madam. Rudini juu, mama amepiga tena, ametoka kanisani sasa hivi na hataki kuongea na mimi.

Tulipanda lifti. Kwenye tableti bibi alikuwa barabarani, amesimama, shela ya kanisani bado kichwani, mlima wa kijani nyuma yake umejaa mawingu. Aliongea haraka, na madam akatafsiri huku sauti yake ina kitu ndani.

"Anasema hakuweza kusali. Anasema ameona aibu. Umemuuliza kila kitu, na yeye hajakuuliza hata kimoja, amekwenda kanisani kama mwizi. Kwa hiyo anakuuliza sasa."

Bibi akasogeza uso karibu. "¿Y su mamá?" Na mama yako?

Nilimwona dada akifungua mdomo, na nilijua kinachokuja, kwa sababu ni mimi niliyekipanda humo. Bien, gracias. Kilikuwa tayari kwenye ulimi. Akakirudisha. Akatafuta. Sikuwa nimempa neno lolote la kufa, sikuwa nimempa neno la jana.

"Mi mamá no está," akasema. Mama yangu hayupo.

Bibi hakuuliza yuko wapi. Aliweka mkono kifuani, pale barabarani, watu wa misa wanampita. Wakaangaliana hivyo, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Mtoto akasema, "Dada, usilie bwana," kwa Kiswahili, na bibi akauliza mtoto kasema nini, madam akashindwa kutafsiri kwa sababu hakijui. Nikatokea pembeni ya friji nikatafsiri mimi. No llore. Lilikuwa kwenye video ya kumi na tisa.

Bibi akaniangalia, akauliza huyu nani. Dada akasema, "Mi hermana." Dada yangu.

Halafu bibi akamgeukia binti yake akasema maneno mawili, na hayo hayakuhitaji mtu wa kuyafasiri, kwa sababu venga tulilisoma wiki ya pili. Que venga. Aje.

Nilimkumbatia dada mpaka kilemba kikaanguka. Kwenye treni ya kurudi tulicheka kama walevi, tukawaigiza majirani wa bibi. Ni tulipofika Karama, tumesimama kwenye la puerta natafuta ufunguo, ndiyo ikaniingia kwamba nimemfundisha mtu maneno ya kuondokea. Sikumwambia. Aliona mwenyewe, akachukua ufunguo mkononi mwangu akafungua.

Aliondoka mwezi wa sita. Mkenya alimpa mfuko wa kahawa ampelekee bibi, nikamwambia unapeleka kahawa Kolombia, huna akili, akasema ni ya Kiambu waonje ya wenyewe.

Kitanda cha chini sasa kina msichana wa Nepali, mpole, hana neno. Vikaratasi sijabandua. Wakati uliopita nimeshausoma, peke yangu, kwenye kioo cha mbele cha treni. Haukuwa mgumu kiasi kile.

Wiki iliyopita nikiwa kwenye metro nakwenda zamu ya jioni ukaja ujumbe wa sauti kutoka simu ya dada. Nikaweka sikioni. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa kavu, kali, jogoo nyuma.

"¿Y usted, mija? ¿Cómo amaneció?"

Nikabonyeza kurekodi. Nikasema bien, gracias, vizuri kabisa, kama mwalimu wa kwenye video. Nikausikiliza. Nikaufuta. Nikabonyeza tena, na behewa zima la wanawake likisikia, nikamwambia kwamba nimeamka vibaya, señora. Kwamba asubuhi niliteremsha mkono nikagonga chuma cha kitanda mara tatu, na aliyejibu hakuwa dada. Nikamwambia kwamba kuna joto, kwamba viatu vya kazi vinanibana, kwamba simsemeshi Mkenya tangu Jumanne. Niliongea stesheni mbili nzima. Nikatuma.

Jibu lilikuja kabla hatujafika. Urefu wake dakika saba. Alianza na magoti. Nilifumba macho, maghorofa yakipita huko nje, na nilipoyafungua stesheni yangu ya JLT ilikuwa imeshabaki nyuma.